UZI: Neno "mlango" ndani ya Alfu Lela Ulela. Kuingia wanaingia wote, kasheshe ni kutoka

Kijana wa Ngamiani (mleta uzi):

Wakuu salaam. Nawaambia mapema huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije akanidai bando lake.

Nimekuwa nasoma Alfu Lela Ulela upya, kopi yangu ya Kiswahili imeshachoka haina jalada mbele wala nyuma, na pembeni nina za Kiingereza kwenye simu. Sikuwa nasoma kama tulivyosoma utotoni kutafuta majini na almasi. Kazi ilikuwa moja, kila nikikuta neno mlango nasimama. Nani kaufungua, nani kaufunga, yeye mwenyewe yuko upande gani. Basi. Jini kila mtu anamuona lakini mlango hauonekani, unasoma "akafungua mlango akaingia" na jicho limeshapita kama hamna kitu, wakati neno lenyewe limejaa humo ndani kuliko hata dhahabu.

Hoja yangu ni hii. Kwenye kile kitabu kuingia ni rahisi mno, hata mpumbavu anaingia. Mtihani uko kwenye kutoka. Na anayetoka salama mara nyingi katoka kwa mdomo wake, si kwa ufunguo wala kwa upanga.

Anzeni na mlango wa mwanzo kabisa. Wengi wanadhani kitabu kinaanza na Shahrazad, yule binti anayemsimulia mfalme kila usiku ili asiuawe, hapana, kinaanza na Shah Zaman mdogo wake mfalme Shahriyar. Kamfuma mkewe huko kwao na mtu wa jikoni, kawaua, kaja kwa kaka yake roho imemuinama, kaka kaenda zake kuwinda, yeye kabaki dirishani anatazama bustani. Mara mlango wa siri wa kasri unafunguka. Haingii mtu! Anatoka malkia na vijakazi ishirini, na yaliyofuata pale bustanini watu wazima mnayajua. Yani mlango wa kwanza tunaoonyeshwa ni wa kutoa watu, na kwa kutoka kule kwa siku moja mabinti wa mji mzima wakaja kukwisha. Kwa sababu baada ya hapo Shahriyar naye anaweka mlango wake, binti anaingia jioni kwa vigelegele, alfajiri anatolewa kwenda kuchinjwa. Shahrazad anapojitolea kuolewa hamna ajabu ya yeye kuingia mle, wameshaingia wenzake kibao. Ajabu ni kwamba kukipambazuka bado yupo.

Sasa njooni kwa Kassim, kaka yake Ali Baba, maana hapa ndipo nilipokaa sana.

Tuliosimuliwa utotoni tunakumbuka "Simsim fungua" tunaishia hapo tunacheka. Simsim ni ufuta, huu huu wa kutia kwenye kashata. Ali Baba yuko juu ya mti anamsikia mkubwa wa wezi anasema, mwamba unafunguka, wezi arobaini wanaingia, wanatoka, wanasema tena, unajifunga. Wakienda zao anashuka anajaribu na yeye, mlango unamfungukia. Hauulizi wewe nani. Hauna bawabu, hauna sharti, hauchagui mwizi na mchanja kuni. Kassim kusikia akafunga safari na nyumbu kumi (baghala, si wale wa Serengeti) na masanduku makubwa juu yao, akasema neno, ukafunguka, akaingia, ukajifunga nyuma yake wenyewe.

Angalieni hapo sasa. Kassim neno analo, kalitumia dakika chache zilizopita. Lakini ameona mali, amechota, amepanga magunia karibu na mlango, anataka kutoka akili haipo tena. Anasema "Shayiri fungua". Kimya. Anataja nafaka zote anazozijua isipokuwa ile moja. Hili ni dema wakuu, wavuvi wa hapa Deep Sea mnanielewa, samaki anaingia kwa raha zake kwa kufuata chambo na hakuna aliyemzuia, ile tundu ipo palepale wala haijazibwa ila yeye ndio haioni tena. Wezi wanarudi mchana wanakuta nyumbu nje. Mlango unafunguka, Kassim anachomoka mbio mpaka anamuangusha mkubwa wao chini, wenzake wakammaliza kwa mapanga palepale. Halafu wakamkata vipande vinne wakavitundika ndani ya mlango, viwili huku viwili huku. Mtu aliyeshindwa kutoka kageuzwa pambo la mlango. Mtunzi wa hapa alikuwa hatanii.

Na mlango wa pili ndani ya kisa hichohicho ni wa nyumba ya Ali Baba mjini. Mwizi mmoja anakuja kuutia alama ya chaki, Marjana kijakazi anaiona, anachukua chaki anatia alama ileile milango ya majirani huku na huku. Mwizi wa pili anatia alama nyekundu pembeni ambapo haionekani kirahisi, Marjana tena, kila mlango mwekundu. Wote wawili wakalipa kwa vichwa vyao. Mkubwa ikabidi aje mwenyewe, na hakutia alama yoyote, aliutazama tu mlango mpaka ukamkaa kichwani. Sasa huyu bwana aliingia ile nyumba mara mbili. Mara ya kwanza kama muuza mafuta na watu wake 37 ndani ya mapipa ya ngozi, Marjana akawamaliza kwa mafuta ya moto, na yeye kutoka kwake ilikuwa kwa kuvunja mlango wa bustani na kuruka kuta. Mara ya pili kaja kama mgeni wa chakula asiyekula chumvi, Marjana akacheza ngoma na jambia mkononi, na hapo hakutoka tena. Kuingia hakukumpa shida hata siku moja!

Nitaendelea, ngoja nimeze kahawa.

Dalali wa Mkwakwani:

Nimeweka kiti mbele kabisa. Endelea mkuu.

Mtoto wa Chumbageni:

Mkuu mbona wengine wanasema Ali Baba siyo wa Alfu Lela ya kweli? Niliwahi kusoma mahali kuwa kachomekwa na Wazungu.

Kijana wa Ngamiani:

@Mtoto wa Chumbageni nusu ni kweli mkuu. Galland, Mfaransa, ndiye wa kwanza kuitoa kwa lugha ya Ulaya, vitabu 12 kuanzia 1704 mpaka 1717. Ali Baba na Aladdin hakuvikuta kwenye maandishi ya Kiarabu aliyokuwa nayo, alisimuliwa na kijana wa Halab huko Syria aitwae Hanna Diyab walipokutana Paris mwaka 1709. Kwa hiyo "Wazungu wamechomeka" siikubali vizuri, aliyesimulia alikuwa mtu wa Sham. Kwangu mimi kisa ni kisa, kama kimetoka kwenye kinywa cha msimulizi basi ni halali kuliko hata kilichotoka kwenye karatasi.

Na kwa vile umemtaja, huyo Hanna visa vyake vinapenda sana hii habari ya kutoka. Aladdin anashushwa chini ya ardhi, kuna jiwe lina pete, anainua anaingia, mchawi wa Maghribi ananyoosha mkono juu "nipe taa kwanza", dogo anasema nitoe kwanza. Hapo ndipo wanapogombana, kwenye kutoka. Jiwe likafungwa. Kisa cha Prince Ahmed na jini Peri Banu nacho ni chake, kuna mlango wa chuma kwenye majabali, bibi mchawi kajifanya mgonjwa kaingizwa ndani vizuri tu, kahudumiwa, kapewa dawa, alipotoka akageuka nyuma autie alama kichwani na mlango haupo, majabali matupu.

Basi naendelea na vile vya zamani zaidi.

Hamali na wale wanawake watatu wa Baghdad. Hamali kabeba vitu sokoni na bibi mmoja, kafika kwenye nyumba nzuri, na imeandikwa kwa maandishi ya dhahabu kwamba anayezungumza yasiyomhusu atasikia yasiyompendeza. Wanagonga makalandari watatu (madarweshi wa kutangatanga), kila mmoja chongo, wanafunguliwa. Anagonga khalifa Harun Rashid na waziri wake Jaafar na Masruri wamejigeuza wafanyabiashara, wanafunguliwa. Usiku mmoja nyumba ya wanawake imeingiza wanaume saba wasiojulikana! Sharti moja tu, msiulize. Wakauliza. Mwenye nyumba akapiga mguu chini mara tatu, mlango ukafunguka wakatoka watumwa saba na panga, kila mtu kaegeshewa lake. Na wametokaje? Kila mmoja aseme kisa chake kisha ashike njia yake. Ada ya mlango ni hadithi. Shahrazad mwenyewe ndicho anacholipa kila alfajiri, na ukirudi nyuma kidogo kisa cha mfanyabiashara na jini ni biashara hiyohiyo, wazee watatu wanamkomboa mtu asiuawe, kila kisa kimoja thuluthi ya damu yake.

Kalandari wa tatu ndiye bingwa wa ujinga. Ameachiwa kasri na mabibi arobaini, wanaondoka siku arobaini, wanampa funguo zote fungua milango yote isipokuwa ule wa dhahabu. Kwenye milango aliyoruhusiwa kuna miti ya matunda, maua, ndege, vito mpaka macho yanachoka. Jamaa kakaa kavumilia hadi siku ya mwisho kisha kaufungua ule. Ndani kuna farasi mweusi, kampanda, kampiga, farasi karuka naye hewani na kumshusha juu ya dari ya nyumba nyingine, akampiga mkia wa jicho. Chongo. Kasri hakuliona tena maishani. Wasomi wengi hapa wanatoa somo la udadisi, sawa, ila mimi naona kingine, ule mlango haukuwa wa kuingilia kabisa. Ulikuwa mlango wa kutokea. Walimwambia usiufungue kwa maana ya usitoke, yeye akaelewa usiingie.

Nahodha Mstaafu:

Hapo kwa kalandari umenigusa, sikuwahi kuliangalia hivyo. Ila kaka kopi yangu ina milango mia moja siyo arobaini.

Kijana wa Ngamiani:

Shikamoo mzee wangu. Zote zipo, kuna matoleo yanasema 40 na mengine 100, hata ya Kiingereza yanatofautiana, inategemea wametafsiri kutoka andiko gani. La Bulaq huko Misri 1835 na lile la Calcutta 1839 mpaka 1842 hayafanani kila mahali na la zamani la Sham lililoko Paris. Mlango wa dhahabu upo kote.

Nahodha Mstaafu:

Marahaba. Sasa nikuulize na chupa la jini je? Mvuvi kavuta jarife lake, kapata chupa la shaba limezibwa risasi na muhuri wa Nabii Suleiman. Siyo mlango ule?

Kijana wa Ngamiani:

Mzee mimi nimefuata neno, na pale huwa ni mdomo wa chupa au kizibo, mlango halimo. Lakini kisa chenyewe kinanibeba. Jini katoka, anataka kuua. Mvuvi hakumuomba wala hakukimbia, alimwambia siamini wewe mkubwa hivi ulienea humu. Jini kwa ubishi wake akarudi ndani aonyeshe, mvuvi tap kaziba. Kamrudisha ndani kwa maneno. Huyu mvuvi kwangu ni mwerevu kuliko Harun Rashid.

Kaole Boy:

Bagamoyo nasalimu. Uzi mzuri ila mmemsahau Burton. Yule Mwingereza aliyetafsiri Alfu Lela nzima kwa Kiingereza, vitabu kumi 1885 na vya nyongeza baadaye, alipita kwetu huku. Mapema 1857 alifika Tanga na Pangani akapanda mpaka Fuga kwa Sultani Kimweri, na mwezi wa sita mwaka huohuo ndio akatoka hapa Kaole na Mwingereza mwenzake Speke kwenda kutafuta maziwa makuu ya bara. Kwa hiyo jamaa wa Alfu Lela amekanyaga mchanga wetu miaka 28 kabla ya kuchapa kitabu.

Halafu milango ya nakshi iliyobaki hapa mji mkongwe mtu akija huwa namuonyesha kwamba mbao mbili hazina jina moja, kuna mlango dume na mlango jike, na katikati kuna mfaa. Watalii wanapiga picha nakshi, ukiwaambia habari ya dume na jike ndio wanaanza kuangalia.

Dalali wa Mkwakwani:

Mlango jike ndio Marjana hapo hahaha

Kijana wa Ngamiani:

@Kaole Boy shukran sana, la Burton kupita Tanga nilikuwa nasubiri atokee mtu alitaje. Ila tumpunguzie sifa, jamaa lugha yake ya Kiingereza kwenye ile tafsiri ni ya kujitengenezea, kuna kurasa unasoma unahisi kuna mtu anakutafunia kokoto sikioni.

Na hiyo habari ya milango ya mwambao inanileta kwa Sindbad. Si Sindbad baharia, huyo kila mtu anamjua, nazungumzia Sindbad hamali. Jua kali, mzigo mzito, kafika mbele ya nyumba ya tajiri, mbele kumefagiwa na kumwagiwa maji, pembeni ya mlango kuna baraza. Wenye nyumba za pwani mnaiona kabisa hiyo picha, baraza la nje, mlango, ubaridi unatoka ndani pamoja na harufu ya udi na sauti ya kinanda. Kakaa bila hodi. Kaanza kuimba malalamiko yake kwa Mungu, huyu anastarehe mimi nachoka na jina letu moja. Mlango ukafunguka, akatoka kijana kumwita ndani.

Hii ndiyo sehemu moja ambapo mlango unamtendea mtu haki kuingia na kutoka. Kaingia maskini, kalishwa, kasimuliwa, katoka na dinari mia. Kesho tena. Siku saba, safari saba. Na angalia alichogeuza msimulizi, hapa anayelipa hadithi ni mwenye nyumba! Mgeni ndiye anayelipwa kwa kusikiliza. Kwingine kote mgeni anasimulia ili atoke na kichwa chake, kwa Sindbad tajiri ndiye mwenye haja ya kusimulia, na mimi naona ndiye aliyefungiwa. Ana mali, ana nyumba, ila anahitaji mtu wa nje ajue alikotoka.

Bi Mkubwa wa Pangani:

Wanangu nimesoma kimya muda mrefu. Mnazungumza milango ya mapango na makasri mmeuacha mlango wenyewe, wa chumba cha bibi harusi. Hivi ninyi vijana hamjaiona fungate pale? Binti kaolewa, kaingizwa ndani, hatoki. Kwetu siku saba, na zamani kungwi wake alikuwa karibu na chumba, hamwachi mwari peke yake na mwanaume asiyemjua. Sasa Dunyazad ni nani pale? Shahrazad hakuomba silaha wala hakuomba wazazi wake. Aliomba mdogo wake aje alale chini ya kitanda. Na huyo mdogo wake ndiye anayesema dada tuhadithie kama hujalala. Hiyo ni kazi ya kungwi kabisa, anayajua ya ndani na anajua lini aseme neno. Mlango wa fungate haulindwi kwa komeo, unalindwa na mwanamke mwingine aliyeko ndani.

Kijana wa Ngamiani:

Shikamoo bi mkubwa. Nimesoma vitabu vyote hivi mapambizo na maelezo ya maprofesa, hakuna hata mmoja aliyemuita Dunyazad kungwi. Nakushukuru sana, hili naliweka juu kabisa kwenye uzi.

Na linakaa vizuri na hoja, kwa sababu Shahrazad angekuwa peke yake hadithi isingeanza. Mfalme hakuomba hadithi. Aliyeomba ni wa uvunguni.

Mtoto wa Chumbageni:

Na sisi wa Tanga tuna mlango wetu, Amboni. Mapango yale yangekuwa na neno la kufungulia tungekuwa matajiri.

Dalali wa Mkwakwani:

Amboni hata Osale Otango alijificha humo enzi za mkoloni, hakuhitaji ufuta. Tatizo la Amboni lipo kama la Kassim tu, ingia bila mwenye kuongoza uone kama utaiona njia ya kurudia.

Kijana wa Ngamiani:

😂 Huyo kanisaidia bila kujua.

Nimebakiza mambo matatu, nitayapitisha haraka, isipokuwa la kwanza maana nalipenda mno.

Abu Hassan wa Baghdad. Huyu mali yake imeliwa na marafiki, akaapa halishi rafiki tena, kila jioni anakaa darajani anakamata mgeni asiyemjua, anamlisha usiku mmoja, asubuhi nenda zako na tusijuane. Waja leo waondoka leo, huyu angekuwa mtu wa Tanga kabisa. Siku hiyo kampata Harun Rashid aliyejifanya mfanyabiashara wa Mosul. Kabla ya kulala Abu Hassan anasema jambo moja tu, bwana ukitoka asubuhi nifungie mlango. Harun kamtia dawa kwenye kinywaji, kamfanya alale fofofo, kabebwa mpaka kasri, kaamshwa kama khalifa, siku nzima anaamrisha, usiku karudishwa kitandani kwake hajui kipi ndoto. Akawa mwendawazimu, akampiga mama yake mzazi, akatiwa hospitali ya wendawazimu. Na akiulizwa chanzo ni nini anasema yule mtu wa Mosul hakufunga mlango, shetani akaingia! Na ni kweli hakuufunga, Harun aliuacha wazi makusudi. Unaona neno dogo lilivyowekwa? Ule mlango ndio ushahidi pekee wa Abu Hassan kwamba haoti. Kila mtu anamuona kichaa na yeye ana hoja moja thabiti, mlango ulikuwa wazi.

La pili, Mji wa Shaba. Musa bin Nusair na watu wake wanafika kwenye mji wenye milango 25 na hakuna hata mmoja unaoonekana kwa nje, yote inajulikana kwa ndani tu. Wanapanda ukuta mmoja mmoja, anayefika juu anapiga makofi, anacheka, anajitupa ndani anakufa. Mwisho anapanda shehe Abdul Samad anasoma aya, yale madanganyo yanamtoka machoni, anashuka ndani anafungua. Huu ndio mlango mgumu kuliko yote kuingia na wakifika ndani wote waliomo wameshakufa zamani. Nikaona msimulizi kama anatucheka, haya mmeingia sasa.

La tatu ni letu. Hassibu Karimuddin, kisa cha sultani wa nyoka. Hiki Alfu Lela kimo, na kimo pia kwenye zile ngano alizozichapa Askofu Steere mwaka 1870 alizosimuliwa na watu wa Unguja kwa Kiswahili chao. Wenzake wamempeleka kwenye shimo la asali, wamepakua asali yote, wamemfunika humo ili wagawane wao. Kaona nge, kajiuliza huyu nge kaingilia wapi, kachimba pale alipotokea nge, kapata njia. Huyu ni kinyume cha Kassim! Kassim yuko ndani anafikiria mali, Hassibu yuko ndani anafikiria nge kapita wapi. Wote wamefungiwa, mmoja tu ndiye aliyetafuta njia ya aliyeingia kabla yake. Baadaye sultani wa nyoka anamtoa kwa sharti asikanyage hamamu, na nyie mnajua alikanyaga.

Nahodha Mstaafu:

Swali la mwisho kijana. Shahrazad katoka au hakutoka? Maana hoja yako yote iko hapo.

Kijana wa Ngamiani:

Mzee umenibana. Inategemea unashika kitabu gani. Andiko la zamani kabisa lile la Paris, ambalo Muhsin Mahdi alilichapa upya 1984, linaishia usiku wa 280 na kitu, katikati ya kisa cha Qamar az-Zaman. Hakuna mwisho. Binti yuko mle chumbani anasimulia, karatasi zimekwisha. Hilo la Bulaq ndilo lenye mwisho, anazaa watoto watatu wa kiume, mmoja anatembea, mmoja anatambaa, mmoja ananyonya, anawaleta mbele ya mfalme anaomba msamaha kwa ajili yao, anasamehewa, mji unapambwa.

Lakini hata hapo soma vizuri. Kasamehewa, hakutoka. Kabaki malkia ndani ya nyumba ileile. Waliotoka kwenye kile kitabu ni visa vyake.

Bi Mkubwa wa Pangani:

Mwanangu hilo unalisema kama mwanaume. Aliomba kutoka lini? Mabinti wote waliobaki mjini hawakuletwa tena kwenye ule mlango. Hicho ndicho alichokiendea, alimwambia baba yake mapema kabisa kabla hajaolewa, ama niishi ama niwe fidia ya mabinti wa Waislamu. Alikwenda kuufunga.

Kaole Boy:

Bi mkubwa kamaliza. Mleta uzi badilisha kichwa cha habari.

Kijana wa Ngamiani:

Kichwa hakibadiliki hahaha, ila nimeweka jibu la bi mkubwa juu kabisa pamoja na lile la kungwi. Anayetaka kuendelea nusu ya pili, visa vya Kibyongo bado sijavigusa, maiti inazunguka mji mzima kwa fundi cherehani, kwa tabibu Myahudi, kwa msimamizi wa jikoni la mfalme kashushiwa kwa juu ya dari, na palipopigwa hodi ni kwa tabibu peke yake. Mwenye kopi ya Kiswahili yenye kisa cha kinyozi wa Baghdad kikiwa kamili ani-PM, yangu kurasa hizo zimeliwa na mchwa.